Tairi nyembamba haikimbii zaidi
Kwa miaka mingi waendesha baiskeli za mbio waliamini kwamba tairi ikiwa nyembamba, na ikijazwa upepo mpaka iwe ngumu kama jiwe, hukimbia zaidi. Milimita 23 zilikuwa kama sheria.

Imani hiyo ilipata nguvu kwenye vipimo vya maabara, ambako tairi huzungushwa juu ya pipa la chuma lililo laini. Barabara si pipa. Kwenye lami yenye kokoto tairi ngumu hurukaruka, mwili mzima hutikisika, na mtikisiko huo hula nguvu za miguu. Tena, kwa upepo uleule, tairi pana hugusa ardhi kwa eneo lilelile, ila eneo hilo ni fupi na pana zaidi. Ubavu wake haubonyei sana, na kubonyea ndiko kunakopoteza nguvu.

Siku hizi kwenye Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, upana wa milimita 28 au 30 ni kawaida. Uzito huongezeka kidogo, ndiyo, na fremu nyingi za zamani hazina nafasi. Lakini mikono haifi ganzi, na kona yenye mchanga haitishi sana. Punguza upepo tu: ukiijaza kama ile nyembamba, raha yote inapotea.