Kofola: kola iliyotokana na mabaki ya kahawa

Buni ya Lushoto ikikaangwa Ngamiani, Tanga, moshi wake haubebi harufu peke yake. Kafeini huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 178, na kikaango cha kahawa hupita 200, kwa hiyo kiasi fulani hupotea hewani. Kwa muuza kahawa na kashata ni kitu kidogo. Kwa viwanda vya Chekoslovakia mwaka 1959, kafeini iliyobaki kwenye ukaangaji ilikuwa mali isiyo na kazi.

Waliotafuta jibu ni watafiti wa Galena, kiwanda cha dawa cha mji wa Opava, wakiongozwa na Zdeněk Blažek. Wakatengeneza shira iliyoitwa Kofo, yenye viungo 14 vya mimea na matunda, na mwaka 1960 soda yake ikaanza kuuzwa kwa jina la Kofola.

Wapo wanaoiita kola ya kuigiza. Mimi sikubali. Haina asidi ya fosforiki inayozipa kola nyingi ule ukali wake. Uchachu wake unatoka kwenye asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu. Ndani yake mna tufaha, cheri na urukususu, mzizi mtamu wanaoujua wauza dawa za asili wa pwani. Sukari yake ni pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko kola za Marekani, ilhali kafeini ni nyingi zaidi: miligramu 150 kwa lita, wakati Coca-Cola ina kama 96. Kafeini ni chungu. Utamu wa urukususu hukawia ulimini kuliko wa sukari, na nadhani hapo ndipo uchungu unapofichika.

Baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989, soda za nje zikamiminika, na watengenezaji mbalimbali wakalitumia jina la Kofola kuuzia vinywaji vyao visivyofanana nayo. Iliyoiokoa ni kampuni ya mji wa Krnov ya Kostas Samaras, mwenye asili ya Ugiriki. Mwaka 2002 ilinunua jina pamoja na mapishi ya asili kwa koruna milioni 215.

Wacheki na Waslovakia wanaipenda zaidi ikitoka bombani, kutoka kwenye pipa, na hapo ndipo mtu wa Tanga angepata shida. Maji ya nyuzi 0 kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa hushika gesi ya soda (kaboni dioksidi) mara 1.7 ya ujazo wake. Yakifika nyuzi 30 hushika 0.66 tu. Pipa likikaa juani mchana wa Makorora, kitakachotoka ni povu. Kupoza pipa peke yake hakutoshi: mpira wa kupitishia soda nao uzungushwe ndani ya barafu, la sivyo soda hupata moto njiani na kuachia gesi kabla ya kufika kwenye glasi. Bomba lifunguliwe lote. Ukilifungua nusu, soda hupita kwa kubanwa na kuchafuka, povu likazidi. Glasi isuuzwe kwa maji baridi na ilazwe kidogo, kwani vumbi na joto huamsha mapovu.

Anayechanganya shira yoyote ya soda, kwa kawaida sehemu 1 kwa maji 5, aangalie maji kwanza. Maji magumu ya baadhi ya visima yana baikaboneti inayoila asidi: soda hupoa ladha, ikawa tamu bila ukali, na mtu hudhani shira ni kidogo akaongeza nyingine, ikazidi kuwa mbaya. Kuyachemsha na kuyaacha yatulie hupunguza baikaboneti, ambayo hugeuka na kubaki chini kama ukoko mweupe wa birika. Chumvi ya bahari haiondoki kwa kuchemsha. Maji yenye chumvi hiyo yaachwe. Yaliyochemshwa yapozwe mpaka karibu nyuzi 4, yatiwe gesi, kisha shira iingie mwisho taratibu ikipita ubavuni mwa chombo. Sukari hufanya povu lisimame, hivyo ukitia gesi baada ya shira, kinywaji kingi kitamwagika.