Gari la zamani likishushwa: kugonga, tairi kuliwa na usukani unaohangaika

Magari ya zamani yaliyoshushwa, yaani yaliyopunguzwa kimo bodi ikakaribia barabara, huja gereji na malalamiko yaleyale. Linagonga mbele kwenye vishimo vidogo. Tairi zinaliwa upande wa ndani. Usukani unachezacheza barabara ikiwa na mawimbi hata ukiushika sawasawa. Na lile linalowashangaza wengi: springi mpya ni ngumu kuliko zilizotoka, lakini gari linalala kwenye kona kuliko lilivyolala likiwa juu. Mwenye gari huwa ameshampata mchawi wake: springi ni feki, au fundi aliyezifunga hajui kazi. Huenda ni kweli. Ila mara nyingi springi inafanya kazi yake vizuri tu, na tatizo limekaa kwenye vitu ambavyo hakuna aliyevigusa.

Lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu), tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), bushi (mpira wa kwenye maungio) na shokapu za gari vyote vilipangiwa kimo kimoja. Ukilishusha milimita 50, umegeuza pembe ya kila kiungo kilicho kati ya bodi na gurudumu, na umekula sehemu ya nafasi ambayo gurudumu lilikuwa nayo ya kupanda juu. Gari jipya likifanyiwa hivyo huvumilia kwa muda. Gari la miaka 25 au 30 lina mpira uliokauka na boljointi, yale maungio ya duara kwenye ncha ya amu, zilizochoka, kwa hiyo linaanza kulalamika mapema.

Kabla ya kugusa spana napima kimo. Sipimi kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi na ukubwa wake vinadanganya. Napima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa mahali tambarare na limesukumwa mbele na nyuma kidogo ili likae sawa. Wengi huniambia wameshusha milimita 40, kipimo kikionyesha 65 mbele na 35 nyuma. Hilo peke yake linaeleza mengi: pua ikiinama kuliko nyuma, kasta, yaani mwegemeo wa nguzo ya gurudumu kuelekea nyuma ukiitazama kwa ubavuni, inapungua, usukani unakuwa mwepesi na mvivu wa kurudi katikati ukitoka kwenye kona. Taa nazo zinamulika miguuni mwa gari, jambo ambalo watu hulisahau hadi usiku wa kwanza.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni bushi. Bushi ya lowa amu ina bomba la chuma ndani, bomba la nje, na katikati mpira uliogandishwa kwenye chuma. Boliti ukiikaza, bomba la ndani linabanwa na haliwezi kuzunguka. Amu inapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza humo kama kwenye beringi. Mpira wenyewe ndio unaojinyonga, na ulitengenezwa ujinyonge kidogo kila upande kutoka mahali pake pa kupumzika. Sasa chukua amu yenye urefu wa milimita 300, shusha gari milimita 50 bila kulegeza boliti ile. Mpira umenyongwa karibu nyuzi 10, na utabaki hivyo gari likiwa limeegeshwa, usiku na mchana, kama nguo inayokamuliwa isiachiwe. Ukija shimo, unaongezewa mnyongo mwingine juu ya huo. Mpira wa zamani hauwezi kustahimili hali hiyo. Unaanza kuchanika karibu na bomba la ndani, na ukimulika tochi unaona ufa umejikunja kama mdomo, upande mmoja wazi zaidi ya mwingine. Ingiza mtaimbo mdogo, sukuma amu: ufa unafunguka, na mara nyingine mlio mkavu unausikia hapohapo.

Kosa hilo lina ndugu yake mbaya zaidi. Fundi anabadilisha bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, anakaza kila kitu vizuri kabisa, anashusha gari. Bushi mpya imeanza maisha yake ikiwa imenyongwa. Dawa ni rahisi na haihitaji hata kununua kitu: legeza boliti zote za amu, weka gari lisimame kwa uzito wake juu ya magurudumu, kwenye rampu au juu ya shimo la gereji, litikise mara kadhaa, kisha kaza likiwa kwenye kimo chake kipya. Usishangae gari likishuka milimita chache zaidi baada ya hapo. Bushi iliyonyongwa ilikuwa inalisukuma juu kama springi ya pembeni. Ndiyo maana alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) iliyofanywa kabla ya kulegeza bushi ni pesa ya bure.

Kugonga sasa. Tuseme gurudumu lilikuwa na milimita 80 za kupanda kabla shokapu haijafika kwenye stopa, ule mpira ulio juu ya fimbo yake. Ukishusha 50, umebakiwa na 30. Springi mpya ni ngumu kidogo, lakini si ngumu kiasi cha kulizuia gurudumu kumaliza milimita 30 kwenye shimo la kawaida. Basi gari linaishi juu ya stopa. Dereva anasema springi ni ngumu mno, kumbe springi hata hajaisikia bado; anachokisikia ni mpira wa stopa ukibanwa, na kwenye gari la zamani mpira huo huenda ulishameguka zamani, kwa hiyo kinachogonga ni chuma kwa chuma. Kulijua hilo si kazi. Vuta juu kifuniko cha vumbi cha shokapu, funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo, isukume hadi chini, uende barabarani mzunguko mmoja. Ukirudi ukaikuta imesukumwa juu hadi kwenye stopa, jibu umelipata. Shokapu za kimo cha kawaida zikiendelea kutumika hivyo, hufa haraka: vali ya chini ndani yake inapigwa kila mara, na mafuta yanaanza kuvuja kwenye sili. Ushauri wangu kwa anayetaka kushusha zaidi ya milimita 30 ni anunue shokapu fupi pamoja na springi, la sivyo asubiri hadi apate pesa ya vyote viwili.

Kuhusu kukata springi, wapo wanaoliita dhambi. Mimi naliangalia kwa hesabu. Ugumu wa springi unapanda kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua: ukiwa na 8 ukakata 1, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 14. Kwa hiyo springi iliyokatwa ni ngumu zaidi, hilo ni kweli, lakini kwa nadra inakuwa ngumu vya kutosha kufidia nafasi iliyoliwa. Shida kubwa ipo gari likinyanyuliwa. Shokapu inapanuka hadi mwisho, springi fupi haifiki, inabaki ikicheza kwenye kikombe chake. Gari likirudi chini, springi inaweza kukaa vibaya au kutoka kabisa. Ule mlio wa ting! unaotoka baada ya kuvuka tuta, gurudumu linaposhuka, ni springi inatafuta pa kukaa. Na anayeipasha springi moto kwa gesi ili ilale, huyo sina la kumtetea: ameharibu ugumu wa chuma, na springi itaendelea kulala au itavunjika.

Magari yenye tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya springi, hasa pikapu za zamani, yana mtego wao. Boliti ya kurekebisha ipo, ukiizungusha gari linashuka bure, hakuna kununua kitu. Lakini boliti ile haiongezi ugumu wa baa hata kidogo. Umebaki na ulaini uleule na nafasi ndogo zaidi, yaani gari litakaa kwenye stopa upesi kuliko lile lililofungwa springi fupi.

Nirudi kwenye lile fumbo la gari kulala kwenye kona. Magari mengi ya zamani yana mfumo wa MacPherson mbele, shokapu ikiwa ndiyo nguzo na amu moja chini. Bodi inapolala kwenye kona, inazunguka nukta fulani ya kufikirika ambayo mahali pake panaamuliwa na pembe ya amu na pembe ya shokapu. Kwenye kimo cha kiwandani, amu kwa kawaida inainama kidogo kuelekea kwenye gurudumu, au imelala sawa. Ukishusha gari, ncha ya nje ya amu inapanda juu kuliko ya ndani, na ile nukta inashuka kwa kasi kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati ya uzito na nukta ndio mkono ambao kona inautumia kulilaza gari. Umeshusha uzito kidogo, nukta umeishusha sana, mkono umerefuka. Springi ngumu inapambana na mkono mrefu, na mara nyingi inashindwa. Kwa hiyo piga magoti mbele ya gari, itazame amu. Ikiwa imeelekea juu kwenda kwenye gurudumu, umeshapita pale pazuri, na kuongeza ugumu wa springi ni kufukuza kivuli.

Tairodi nayo inaingia hapohapo. Tairodi na amu zinatakiwa zipande na kushuka kwa tao linalofanana. Pembe zikitofautiana, kila gurudumu likipanda linageuzwa kidogo na tairodi yake, wewe ukiwa umeshika usukani palepale. Ndiyo chanzo cha kuhangaika barabarani. Kwa magari ambayo mkono wa usukani umefungwa kwa boliti chini ya shokapu, kama Toyota Corolla AE86 na wenzake wa zama zile, kuna kipande cha chuma kinachowekwa kati ya shokapu na mkono huo, kinashusha boljointi na tairodi kwa pamoja na kurudisha pembe zote mbili. Ni kati ya vitu vichache ambavyo nikimwambia mtu anunue najua hatarudi kunilaumu, mradi rimu iwe kubwa ya kutosha isiguse boljointi iliyoshuka. Kwa magari ambayo tairodi imefungwa kwenye shokapu juu huko, kurekebisha amu peke yake kunaweza kuongeza tofauti badala ya kuiondoa. Hapo pima kabla: toa springi, nyanyua gurudumu kidogokidogo kwa jeki, na kila hatua angalia linageuka kiasi gani.

Tairi kuliwa ndani, watu husema ni kemba, yaani gurudumu kuinama juu kuelekea ndani ya gari. Kemba ya kiasi inakula polepole mno. Anayekula tairi kwa wiki ni tou, yaani magurudumu mawili kutazamana au kupeana migongo yakionekana kutoka juu. Pitisha kiganja kwenye kashata za tairi, kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Upande mmoja kiganja kinateleza, ukirudi kinakwaruzwa na kingo kali: hiyo ni tou. Kama ndani kumeisha lakini ni laini pande zote mbili, hapo laumu kemba. Kushusha gari hubadilisha vyote viwili, ila tou hurekebishika kwenye tairodi za mbele karibu kila gari. Nyuma ni hadithi nyingine. BMW E30 kwa mfano, ikishushwa sana, amu zake za nyuma za mshazari zinainamisha magurudumu ndani, na kiwandani haikuwekewa pa kurekebishia. Lazima uongeze kitu.

Ekseli nzima ya nyuma, mhimili mmoja unaobeba magurudumu yote mawili, haina shida ya kemba, lakini yenye fimbo ya kuizuia isiende kando husogea upande mmoja gari likishuka, kwa sababu fimbo hiyo inazunguka kwa tao. Ukiona tairi moja ya nyuma imekaribia madigadi kuliko nyenzake, kabla hujasema bodi imepinda, angalia fimbo. Iliyo na urefu wa kurekebishika inamaliza jambo. Pembe ya difu (boksi la gia la ekseli ya nyuma) pia hubadilika, na propela, fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu, ikianza kutetema kwenye mwendo ambao zamani ulikuwa kimya, usikimbilie kubadilisha msalaba, kile kiungo cha kwenye ncha yake; angalia pembe hiyo kwanza.

La mwisho ni breki, na hili ndilo ninaloliangalia hata mteja asipoliuliza. Pikapu na magari kadhaa ya zamani yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo au springi. Gari likibeba mzigo, nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, vali inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari lililoshushwa tupu linaidanganya vali hiyo kwamba limejaza mzigo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, hasa kwenye mvua, magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema na mkia unakuja mbele. Kimo cha fimbo kinapaswa kurekebishwa kwenye kishikio chake kwa kiasi ambacho nyuma imeshuka, na vipimo vya kitabu cha gari ndivyo vya kufuata, presha ikipimwa kwa geji mbele na nyuma. Ukiikuta fimbo imefungwa kwa waya ili isicheze, ifungue kwanza, kisha ndipo uanze kupima.