Roger Whittaker: mluzi kwanza, maneno baadaye

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafundisha kwaya yangu wimbo wa Kijerumani, mstari kwa mstari, besi mmoja akanyanyua mkono. "Mwalimu, tutaimbaje kitu tusichokielewa?" Nikamjibu kwamba kuna mtu aliyezaliwa hapa hapa Nairobi aliyeifanya kazi hiyo miaka na miaka, na Wajerumani wakawa wanajaza kumbi kumsikiliza. Hakuniamini. Basi na tulijadili hapa, maana ni swali linalonihusu kila wiki.

Mtu huyo, mwimbaji Roger Whittaker, alizaliwa Machi 1936. Wazazi wake walitoka Staffordshire, Uingereza. Baba aliumia kwenye ajali ya pikipiki, wakahamia Kenya kufuata joto. Gitaa lake la kwanza liliundwa na Mwitaliano mfungwa wa vita. Alisoma Prince of Wales, ambayo leo ndiyo Nairobi School, kisha akaingia Kenya Regiment kwa miaka miwili na kupelekwa msitu wa Aberdare, upande wa wakoloni dhidi ya Mau Mau. Wanaopenda kumwita "mtoto wa Kenya" huliruka hilo upesi, nami naona si haki kuliruka. Akaenda Cape Town kusomea udaktari, akaacha baada ya miezi 18, akarudi kufundisha. Mwaka 1959 akavuka kwenda Bangor, Wales, kusomea mambo ya wanyama na viumbe vya baharini. Huko ndiko nyimbo zake za mwanzo zilipotoka, kwenye visahani vyembamba vya plastiki vilivyokwenda pamoja na gazeti la wanafunzi.

Sauti yake ilikuwa baritoni: nene, tulivu, isiyo na papara. Lakini iliyomtoa Uingereza haikuwa sauti hiyo. Mwaka 1967 alikwenda na timu ya Uingereza kwenye mashindano ya uimbaji ya Knokke, Ubelgiji, na kilichowashika watu wa bara la Ulaya kilikuwa "Mexican Whistler", kipande anachopiga mluzi. Mluzi hauna lugha.

Wengi huudharau mluzi, nami nilikuwa mmoja wao. Nyumbani kwetu tulikatazwa kuupiga usiku, eti utaita nyoka, na mchana ulikuwa wa wachunga ng'ombe. Ila ukiutazama kwa jicho la mwalimu wa sauti, ni kazi ya kinywa iliyo ngumu ajabu. Nyuzi za koo zimelala kabisa. Hewa inapita kwenye kitundu kidogo cha midomo, na uwazi ulio ndani ya kinywa ndio unaovuma. Sogeza ulimi mbele, uwazi unapungua na sauti inapanda. Urudishe nyuma, sauti inashuka. Kosea kidogo tu, umetoka kwenye nota, wala huna neno la kujifichia. Mtu aliyelimudu hilo mbele ya hadhira ana ulimi na midomo iliyofunzwa kama vidole vya mpiga kinanda. Kumbukeni midomo hiyo, nitairudia.

Wimbo wa "Durham Town" wa 1969 ni wake mwenyewe, maneno na muziki, na humo utaona aliyapanga vipi mambo. Kijana wa kwenye wimbo anakumbuka alivyokuwa akikaa ukingoni mwa mto Tyne. Sasa, mto unaopita Durham ni Wear. Tyne ni wa Newcastle, na kwa kweli mwanzoni alifikiria kuutaja mji huo, kisha akaona Durham ni bora. Jina la mto likabaki, maana linatoa kina cha shairi na "time", neno la Kiingereza la "wakati". Watu wa huko walimsahihisha sana. Malenga yeyote wa kwetu angemwelewa: kina kikikaa, jiografia itasubiri.

Halafu kuna "The Last Farewell", wimbo wa baharia anayeaga, ule unaoanza kwa ala ya French horn kama merikebu inang'oa nanga. Maneno si yake. Kwenye kipindi chake cha redio aliwaalika wasikilizaji wamtumie mashairi ayatilie muziki, na hili lilitoka kwa Ron Webster, sonara wa Birmingham. Lilitoka kwenye albamu mwaka 1971, likakaa kimya. Miaka minne baadaye mke wa mkuu wa vipindi wa kituo kimoja cha redio cha Atlanta aliusikia akiwa safarini Kanada, akamwomba mumewe aupige. Mwaka 1975 ukafika nambari 19 Marekani, ukageuka kurudi nyumbani na kukaa nambari 2 Uingereza. Mwaka uliofuata Elvis Presley akaurekodi.

Kufika 1979, mwaka wa albamu yake ya kwanza ya Kijerumani, Uingereza ilikuwa imeanza kumchukulia kama mgeni wa televisheni, mwenye ndevu na tabasamu. Ujerumani ndiko akaweka makao ya soko lake: albamu zaidi ya 20 kwa lugha asiyoizungumza. Aliimba akisoma matamshi tu. Wajerumani wana aina yao ya nyimbo za mapenzi na majonzi, Schlager, ambayo wahakiki huibeza na watu huinunua, na humo lafudhi ya kigeni haikuwa dosari. Nana Mouskouri, mwimbaji Mgiriki, alipendwa hivyo hivyo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua wimbo wake mmoja wa miaka ya 1980, "Abschied ist ein scharfes Schwert", yaani kuaga ni upanga mkali. Konsonanti zimerundikana kama abiria wa matatu ya jioni. Mswahili hutaka kupachika irabu kati yake. Mwingereza tabu yake ni nyingine, irabu zake huteleza, "o" inaanzia hapa na kuishia kwenye "u". Hapo sisi wa "a, e, i, o, u" zilizonyooka tuna nafuu. Lakini kuna irabu ya Kijerumani ü, inayotushinda wote. Maelekezo ni haya: tamka "i" ya "mimi", ulimi usiusogeze hata kidogo, kisha chongoa midomo mbele kana kwamba unataka kupiga mluzi.

Ndiyo, mluzi.

Whittaker alifariki Septemba 2023 nchini Ufaransa, akiwa na miaka 87. Hapa kwetu wengi wanamjua kwa "My Land Is Kenya" wa 1982, wimbo mtamu wenye milima na wanyama wengi kuliko watu. Miaka saba baada ya kuutoa, majambazi walimuua baba yake hapa Nairobi.

Jumamosi tulirudi mazoezini. Nikawaambia waweke makaratasi chini, wapige mluzi nota moja, kisha nikipiga kofi waachie sauti bila kugusa midomo. Mara ya kwanza vilitoka vicheko. Mara ya tatu ü ikatoka, safi, kutoka safu ya nyuma, kwa yule yule besi. Akanitazama kwa mshangao, akauliza, "Sasa hiyo inamaanisha nini, Mwalimu?"