Tiba ya yoga na kifundo cha mkono: yasemwayo na yalivyo

Dhana: Kifundo kinauma kwa sababu bado ni kigeni kwenye yoga. Vumilia, kitazoea.

Mabega yakitetemeka kwenye planki (mkao wa kujiinua kwa viganja na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka), sawa, hayo yatazoea. Kifundo ni habari nyingine. Ukiweka kiganja sakafuni na bega likawa juu yake moja kwa moja, kifundo kinapinda nyuzi 90, na wengi wetu tukikunja mkono nyuma bila kuulazimisha tunaishia kama 70. Nyuzi zilizobaki zinatafutwa kwa uzito wa mwili.

Ndani ya kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba: chini na kandoni ni vifupa, juu ni ukano mgumu. Humo zimebanana kano tisa za kukunjia vidole pamoja na neva moja. Mkono ukipinda nyuma, shinikizo humo ndani linapanda. Neva ikichoka kubanwa, dole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku, mtu akaamka akikung'uta mkono. Huo ndio ugonjwa wa njia ya kifundo, kwa Kiingereza carpal tunnel syndrome. Kidole cha mwisho kikiwa ndicho chenye ganzi, tafuta sababu nyingine, maana kile kina neva yake.

Dhana: Cha muhimu ni kiganja kugusa mkeka.

Angalia alama ya jasho anayoiacha mwanafunzi wako. Mara nyingi utaona duara mbili nzito chini ya kiganja, na vidole havionekani kabisa. Uzito wote umekaa pale pale palipobanana. Mwambie atanue vidole, akandamize shina la kidole cha shahada na la dole gumba. Bado kinauma? Kunja khanga mara kadhaa, iweke chini ya kisigino cha kiganja, vidole vibaki chini, pembe itapungua. Ukiiweka chini ya vidole umezidisha tatizo. La sivyo ashukie vigasha, au afanyie ukutani. Ukuta ni kifaa kizuri sana, tena cha bure.

Dhana: Yoga inaponya ugonjwa wa njia ya kifundo, utafiti umethibitisha.

Utafiti upo, ulichapishwa katika jarida la kitabibu la JAMA mwaka 1998. Watu 42, wiki nane, mikao 11 mara mbili kwa wiki. Waliofanya yoga maumivu yalipungua na nguvu ya kushika ikaongezeka. Lakini kasi ya neva yenyewe kupitisha ishara haikubadilika kwa kiwango cha kutajika, na kundi lilikuwa dogo. Mteja aambiwe hivyo hivyo, bila chumvi.

Dhana: Cheti cha saa 200 kinatosha kuandika "tiba" kwenye kibao.

Kile ni cheti cha kufundisha yoga. IAYT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa tiba ya yoga kilichoanzishwa 1989, kinataka mtu awe mwalimu kwanza, kisha asome programu ya tiba isiyopungua saa 800. Yoga Alliance, chama kinachosajili walimu wa yoga, nayo tangu 2016 hairuhusu walimu wake wajitangaze kama watabibu kwa kutegemea usajili wake tu. Na hata cheti cha IAYT si leseni ya serikali. Kenya, fiziotherapia (tiba ya viungo) ina sheria yake ya mwaka 2014, kwa hiyo usijiite usichosajiliwa.

Dhana: Ukifungua huduma yako ya tiba ya yoga, anza na ukumbi mkubwa, vioo na mikeka 30.

Chumba cha kuhudumia mtu mmoja mmoja, viti viwili, ukuta mtupu na faili la kila mteja vinatosha. Pesa iliyobaki lipa kodi ya pango.

Kwenye faili uliza kazi yake (fundi cherehani na dereva wa bodaboda vifundo vyao havipumziki), kama ni mjamzito, kama ana kisukari, na kama amewahi kuangukia kiganja. Hilo la mwisho usiliruke. Aliyeanguka, na anaumia ukimbonyeza kishimo kilicho chini ya dole gumba, huenda amevunjika kifupa ambacho picha ya kwanza ya eksirei inaweza isikioneshe, na ambacho damu hukifikia kwa shida. Huyo mkeka usimkunjulie. Mwandikie barua aende hospitali siku hiyo hiyo.