Minyoo wamejaa, mto unaumwa

Kila nikishuka na wanafunzi kwenye tope la mlango wa Mto Msimbazi, lazima mmoja aulize: "Mwalimu, mbona watu wanasema mto umekufa na humu viumbe wamejaa hivi?" Hapo tumeshamwaga tope kwenye chekecheke la matundu ya milimita 0.5, tumelisuuza, na kilichobaki ni kama uzi mwekundu uliokatwakatwa, unajikunja. Ni minyoo, na kweli ni wengi.

Msimbazi unateremka kutoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unakatiza Dar es Salaam kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unamwagikia baharini pale Daraja la Selander. Njiani unabebeshwa maji ya vyoo, ya machinjio na ya viwanda. Aliyewahi kukwama kwenye foleni darajani wakati maji yamekupwa anaijua ile harufu.

Inatoka hivi. Kinyesi na masalia ya chakula yakitua chini, bakteria huyala na kumaliza oksijeni. Ikiisha, wanaingia bakteria wengine wanaotumia salfeti, aina ya chumvi ambayo maji ya bahari yanayo tele, nao wanatoa haidrojeni salfaidi: gesi yenye harufu ya mayai viza, tena sumu. Ikikutana na chuma kilichomo kwenye udongo, tope linakuwa jeusi. Piga koleo utazame ubavuni: juu kahawia, chini nyeusi. Penye afya, ile kahawia hushuka sentimita kadhaa, kwa sababu kaa na minyoo wakubwa huchimba mashimo na kupitisha maji humo. Wao ndio feni za tope. Wakifa, weusi unapanda, na waliobaki wanazidi kukosa hewa.

Wote isipokuwa Capitella, huyu mnyoo mwembamba mwekundu. Damu yake ina himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, kwa hiyo hunyakua hata oksijeni kiduchu iliyopo. Chakula kimemjia mlangoni, wapinzani wamehama, na kwenye maji ya joto kizazi kimoja hakimchukui muda mrefu. Mwaka 1978 watafiti Pearson na Rosenberg walieleza mfuatano huu: ukikaribia chanzo cha uchafu, spishi zinapungua huku idadi ya wachache wavumilivu ikipaa, halafu unafika mahali hamna kitu kabisa. Ndiyo maana ripoti inayonipa "wingi wa viumbe" bila kuniambia ni akina nani, naiweka pembeni.

Kaa nao wanadanganya. Utafiti wa mikokoni Kenya na Msumbiji uliochapishwa 2009 ulikuta kaa wengi zaidi palipoingia maji taka ya mjini, huku yule konokono mkubwa wa mikokoni, Terebralia palustris, akiwa amepungua. Mpita njia akiona kaa wanapunga gando atasema pazuri hapa. Mimi namtafuta konokono.

Kuna mtego mwingine, na wataalamu pia hunasa. Mlango wa mto ni makazi magumu hata bila uchafu. Chumvi inapanda na kushuka kila maji yakijaa na kupwa, na masika yakipiga maji baridi yanatawala kwa siku kadhaa. Spishi chache ni kawaida yake. Usiulinganishe na matumbawe ya kisiwa cha Mbudya ukalia msiba. Tafuta mlango mwingine wenye chumvi na tope linalofanana.

Halafu metali. Risasi, zinki na shaba zinazoshuka na maji hushikwa na salfaidi ndani ya tope jeusi na kutulia humo. Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema dawa ni kuzoa tope lote, nasita. Ukilivuruga likapata oksijeni, ule mshiko unaachia, metali zinarudi majini, na kombe, yule kiumbe wa magamba mawili ambaye maisha yake yote ni kuchuja maji, anazimeza. Bora kuziba mabomba ya kule juu kwanza.