Je, wajua garimoshi la Darjeeling hupandaje mlima kwa kurudi nyuma?

Ukipanda garimoshi la mvuke la Darjeeling, kaskazini mashariki mwa India, kuna mahali linasimama ghafla na kuanza kurudi kinyumenyume. Mgeni hudhani limeshindwa mlima. Kumbe ndiyo kwanza linapanda.

Reli hii ilifika Darjeeling mwaka 1881. Ina urefu wa kilomita 88 hivi, na inatoka tambarare za New Jalpaiguri, mita mia moja na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi stesheni ya Ghum, kabla tu ya Darjeeling, iliyo mita 2,258. Haina hata handaki moja. Wala haina reli ya meno katikati ya kushikilia treni, kama zilivyo baadhi ya reli za milima ya Uswisi. Ni chuma juu ya chuma tu, na chuma kinateleza.

Siri ya kwanza ni wembamba. Nafasi kati ya pau mbili za reli ni milimita 610 tu. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ambayo wengi huiona nyembamba, ina milimita 1,000. Treni ndogo hukata kona kali, kwa hiyo wajenzi waliweza kuifuata barabara ya mikokoteni iliyokuwepo tayari badala ya kuupasua mlima. Ndiyo maana mpaka leo, mjini Kurseong, treni hupita sokoni karibu na milango ya maduka kiasi kwamba abiria angeweza kuchukua embe mezani.

Lakini kuna mahali ambapo hata kona haikutosha. Hapo ndipo penye kile kinyumenyume. Treni huenda mbele mpaka reli iishe ukingoni. Njia panda ya reli inabadilishwa, treni inarudi nyuma ikipanda njia ya pili iliyo juu ya ile ya kwanza, kisha inabadilishiwa tena na kusonga mbele, juu zaidi. Husimuliwa kwamba mke wa Franklin Prestage, aliyeanzisha reli hii, ndiye aliyemshauri mumewe alipokwama: kama huwezi kwenda mbele, rudi nyuma. Sina hakika kama ni kweli, ila inanoga.

Penye nafasi zaidi, reli hujizungusha kama nyoka na kupita juu ya mahali ilipopita mwanzo.

Kichwa chenyewe nacho kimeundwa kwa ujanja. Kina magurudumu manne tu na yote yanasukumwa na mvuke. Maji na makaa ya mawe hubebwa juu yake, si kwenye behewa la nyuma. Uzito wote basi huyakandamiza magurudumu yanayofanya kazi. Reli ikilowa ukungu au umande, watu wawili waliokaa mbele kabisa ya kichwa hunyunyiza mchanga relini kwa mkono ili magurudumu yapate pa kukamata. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko ya dereva.

Siku hizi safari ndefu huvutwa zaidi na dizeli. Mvuke umebaki hasa kwa matembezi ya watalii kati ya Darjeeling na Ghum. Na kwa kuwa Ghum iko juu kuliko Darjeeling, treni iliyohangaika kupanda siku nzima humalizia safari yake ikiteremka, ikizunguka bustani ya Batasia, huku mlima Kanchenjunga ukionekana mawingu yakiruhusu.