Fundi na viwanja vyake visivyo na majani

Fundi tulimzika mwezi uliopita, na tangu siku ile napokea salamu za pole zenye swali ndani yake: hivi kweli Dodoma kulikuwa na mtu aliyeishi kwa kufundisha gofu? Alikuwepo. Jina lake sitaliandika, familia yake haipendi mambo ya mitandaoni na mimi nawaheshimu. Kazi yake ndiyo nitakayoieleza, kwa kuwa nami naishi kwa kazi hiyo hiyo ya kutunza viwanja vya michezo, udongo wake na nyasi zake. Darasani nilifundishwa viwanja vyenye maji. Vikavu nilifundishwa na Fundi.

Alikulia Moshi, akibeba mifuko ya wachezaji baada ya masomo. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki wamepita njia hiyo. Unaanza kama kedi, unatafuta mipira vichakani, mwanachama mmoja anakuachia aini iliyochakaa, yaani fimbo ya kichwa cha chuma, na jioni wenye klabu wakishaondoka mnapiga mashimo mawili matatu kabla giza halijaingia. Alicheza vizuri, ila makombe hayakuwa riziki yake. Dodoma nako hakuja kwa ajili ya gofu. Alikuja kutafuta kazi nyingine kabisa, akakuta watu wachache wenye fimbo na eneo la wazi nje ya mji, lenye migunga na korongo moja refu, akaanza kulizungukia kila jioni.

Ili ugumu wake ueleweke, tuhesabu maji. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, wakati jua na upepo wa huku vina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000. Sasa chukua grini, lile eneo laini lenye shimo na bendera. Tuseme ina mita za mraba 450. Nyasi zilizonyolewa namna ile, kwenye jua la Oktoba, zinataka kama milimita 6 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo grini moja inakunywa lita 2,700, na grini tisa lita 24,300. Hayo ni maboza mawili na nusu ya lita 10,000, kila siku, mpaka mvua irudi. Bado hujagusa feawei, ile njia ndefu ya kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye grini, ambayo hekta yake moja ingemaliza lita 60,000 kwa siku. Katika mji ambao watu wanasubiri zamu ya mgao wa maji, mwenye kumwagilia kiasi hicho ili mpira uteleze vizuri atawaeleza nini majirani?

Fundi akatengeneza brauni. Ni grini isiyo na jani hata moja: duara la mchanga lenye kipenyo cha mita 12 hadi 15. Wengi hudhani unamwaga mchanga tu, basi. Yeye alianza kwa kukwangua udongo wa juu mpaka mizizi yote itoke, akapasawazisha na kuacha mteremko mdogo sana wa kutolea maji, akashindilia kifusi chekundu hadi kisigino kisiache alama. Juu yake ndipo mchanga wa sentimita 4 au 5. Mchanga wenyewe alikuwa haununui hovyo. Aliuweka kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiacha. Tope likikaa juu kama utando mnene, mchanga huo haufai, kwa sababu ukilowa na kukauka utakuwa sakafu. Chembe zake zikiwa nene mno mpira unazama, zikiwa laini mno mchanga unaishia Singida, maana upepo wa Agosti wa huku mnaujua.

Kuupiga mpira kwenye brauni kuna utaratibu wake. Ukifika, unachukua kipande cha bomba kilichofungwa kamba, au gunia lenye uzito, unaburuta mara moja tu kutoka ulipo mpira hadi shimoni. Inabaki njia moja nyoofu, ndiyo unayopigia. Hakuna kukaa chini kukisia mpira utapinda wapi, haupindi. Unachohesabu ni nguvu peke yake. Ukimaliza unapitisha reki kwa mwenzako anayefuata, na asiyepitisha reki Fundi alikuwa anamrudisha kutoka shimo la pili, awe nani.

Kuna watu waliomcheka, hasa waliokwisha kuona viwanja vya Arusha. Hawa nilikuwa nawaambia habari za Pinehurst, klabu ya gofu ya North Carolina, Marekani. Kiwanja chake namba mbili, ambacho mashindano ya US Open yamechezwa mara nne kati ya 1999 na 2024, kilikuwa na grini za mchanga mpaka 1935. Aliyekijenga, Donald Ross, alizaliwa Dornoch, Uskoti, 1872, akajifunza kazi St Andrews chini ya Tom Morris Mkubwa kabla ya kuhamia Marekani 1899. Huyo Morris naye alishinda Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara nne, kati ya 1861 na 1867, lakini ukiniuliza mimi, kazi yake kubwa ilikuwa kutunza kiwanja cha St Andrews kwa karibu miaka 40, huku akitengeneza fimbo na mipira dukani kwake. Alipenda kunyunyizia mchanga kwenye grini, akisema ndio unaoziponya, na Jumapili hakuruhusu mtu kucheza. Fundi nilipomsimulia alitaka kujua jambo moja tu: kondoo waliokuwa wakila nyasi za kiwanja cha St Andrews walikuwa wa nani?

Swali hilo halikuwa mzaha. Huku Ugogo ng'ombe na mbuzi wana njia zao, na njia hizo zilikuwepo kabla ya kiwanja. Mtu mwingine angezungushia waya, waya ungeibwa ndani ya wiki, ugomvi ungeanza. Fundi alikwenda kwa wazee, akasalimia "mbukwenyi", akakaa. Waliyoafikiana hayakuandikwa popote. Ng'ombe wapite asubuhi kabla ya saa tatu. Mbuzi walishwe kwenye feawei baada ya mvua, wakati ukoka umechipuka na mashine ya kufyekea inataka mafuta ambayo hayapo. Brauni wasikanyage. Jioni vijana walizungushia kila brauni matawi ya mgunga yenye miiba, vile vile zizi linavyozibwa. Na kwenye ubao wa kanuni za kiwanja Fundi aliandika kwa chaki: mpira ukiingia kwenye alama ya kwato, inua, weka pembeni, bila adhabu. Ukiingia kwenye ufa, vivyo hivyo, kwa sababu sehemu ya chini ya kiwanja ilikuwa udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia na masika unavimba mpaka toroli linakwama. Kuhusu mavi ya ng'ombe hakuandika kitu. Kanuni za gofu zenyewe zinakuruhusu kuyaondoa, alisema, tatizo ni nani atayaondoa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulegeza kamba hata kidogo, nalo ni shimo. Kipenyo cha shimo la gofu duniani kote ni milimita 108, kipimo kilichowekwa 1891. Vikombe vya kununua, vile vinavyokaa ndani ya shimo, vilikuwa ghali na vinatoka mbali. Duka la vifaa vya ujenzi lina bomba la plastiki la inchi nne, ambalo kwa nje lina milimita 110. Milimita mbili! Nani angeona? Yeye aliona. Alilipasua bomba kwa urefu, akatoa utepe wa milimita 6 na kidogo, akalipasha moto wa mkaa kwa uangalifu, akalibana mpaka kingo zikutane. Kwa wapenda hesabu, ukipunguza kipenyo kwa milimita 2 mzunguko unapungua kwa 6.28, na Fundi, ambaye shule aliishia darasa la saba, aliipata namba hiyo kwa kujaribu na kamba. Mtoto akitumbukiza mpira kwenye shimo langu, alikuwa akisema, hata akienda Nairobi atautumbukiza.

Ufundishaji wake ulitokana na ardhi hiyo hiyo. Kwenye nyasi zenye unyevu ukichota udongo kabla ya mpira, fimbo inapita, mpira unakwenda kidogo, unajisamehe. Kwenye ardhi iliyookwa na jua fimbo inadunda, mkono unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Wanafunzi wake kwa hiyo walijifunza mapema kuukuta mpira kwanza, na ndiyo sababu hadi leo kijana wa Dodoma ukimpa aini saba utasikia mlio safi. Aliwafundisha pia kutorusha mpira juu moja kwa moja kwenye brauni, kwa sababu chini ya ule mchanga kuna kifusi kilichoshindiliwa na mpira utaruka kwenda zake. Unaupiga chini, unatua hatua ishirini kabla, unatambaa wenyewe.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Wanafunzi hao hao walipokwenda kucheza Moshi au Arusha waliumbuka. Mpira uliotambaa vizuri Dodoma ulikwama kwenye nyasi mbichi kabla ya grini. Na kwenye grini zenye miteremko walikuwa kama wamefungwa macho, kwa kuwa brauni haimfundishi mtu kusoma mteremko. Mara nyingi nilimwambia atengeneze japo grini moja ndogo ya ukoka, imwagiliwe kwa maji ya kunawia na kufulia yaliyochujwa, ili vijana wapate mazoezi. Alikubali kwa mdomo. Haikujengwa.

Viwanja vyake vingine sina mengi ya kusema. Kulikuwa na cha mashimo sita karibu na reli, alichokwenda kukiangalia kwa basi mwisho wa wiki, kikafa wafanyakazi waliokitaka walipohamishwa. Kulikuwa na kile cha watoto, mashimo matatu nyuma ya uwanja wa mpira wa shule moja, fimbo zake alizikata kutoka kwenye fimbo za watu wazima na kuzifunga mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hicho ndicho kilichotoa makedi na wachezaji wazuri kuliko vyote.

Tuliloshindana miaka mingi ni oili chafu. Mchanga mkavu upepo unaupeperusha, na dawa ya zamani, hapa kwetu na kwingineko, ni kuuchanganya na oili iliyotolewa kwenye injini. Inaupa uzito, inazuia maji ya mvua kuuchimba, na gereji walikuwa wanakupa bure kwa kuwa wao wenyewe hawakujua pa kuipeleka. Brauni zenye oili ni nzuri kuchezea, siwezi kukataa. Ila oili hiyo imebeba metali kama risasi na zinki, na kemikali zinazosababisha saratani, na watu wanaoishika kwa mikono mitupu ni makedi na watoto wanaovuta reki. Mvua ikija, sehemu yake inateremka korongoni. Kwa mji unaotegemea maji ya ardhini, kuanzia visima vya Makutupora hadi vile vya watu majumbani, hili si jambo la kufumbia macho. Fundi alinijibu kwamba amevuta brauni maisha yake yote na hajaugua. Nikamwambia hao wengine hatujawauliza. Tulinuniana, kisha msimu uliofuata nikakuta ameacha kumwaga oili kwenye brauni tatu zilizo jirani na korongo, bila kunitangazia.

Sasa Serikali imehamia, Mtumba kunajengwa mji wa Serikali, treni ya mwendokasi inafika, na napigiwa simu na watu wanaotaka kiwanja cha gofu cha mashimo 18, kijani kibichi, kama walichokiona Afrika Kusini. Nawapa hesabu ya maboza. Wakinyamaza, nawaambia waanze na mashimo tisa: grini ndogo za ukoka kwa maji ya taka yaliyosafishwa, feawei ziachwe zikauke kiangazi kama inavyotaka nchi yenyewe, na brauni mbili tatu za mazoezi kwa vijana.

Kwa hizo brauni najaribu kitu badala ya oili chafu. Huku alizeti imejaa, na viwanda vidogo vya kukamua vina masimbi ya mafuta yanayobaki chini ya mapipa. Nimeyachanganya na mchanga uliochekechwa kwenye brauni moja. Upepo wa kiangazi kilichopita haukuuondoa, na mpira unakwenda vizuri, polepole kidogo kuliko kwenye oili. Shida yake ni sisimizi, na mbuzi. Mbuzi wameshajua kuna nini pale, na miiba ya mgunga haiwazuii tena. Nimeanza kuongeza majivu ili yasiwe matamu, mvua zikiisha nitawaambia yamefika wapi.